Mafua Nyumba Nzima, Kopo Kabatini

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu ametuletea mafua kutoka kazini. Leo mkewe yuko kitandani, paji la uso la moto kama pasi. Na bado anamnyonyesha Bonge! Mjukuu wangu wa miezi minne! Nikamwambia aache kwanza, asije akamnyonyesha na homa. Akasema, "Mama, nesi alisema niendelee." Nesi! Juzi tu alikuwa shule. Mimi nimelea watano.

Nimenunua kopo la maziwa ya unga. Liko kabatini, nyuma ya vitambaa vyangu vya kushonea.

Jumanne, 4 Juni

Nimempeleka mkwe zahanati, nesi aseme mbele yangu. Kasema! Eti mwili wa mama ukipigana na ugonjwa hutengeneza kinga, na kinga inapita kwenye maziwa. Kumwachisha sasa ni kumnyang'anya ngao vitani. Nikauliza, kwa hiyo hataugua? Anaweza, ila mara nyingi huwa nafuu. Akikataa kunyonya au akipumua kwa shida, mleteni mbio. Mama anawe mikono, avae barakoa. Halafu akanigeukia: na bibi pia. Mimi niliye mzima!

Nimeshona barakoa kwa kitambaa cha pazia. Yangu ina ua puani.

Jumatano, 5 Juni

Nimepiga chafya. Vumbi la vitambaa tu.

Alhamisi, 6 Juni

Si vumbi. Koo linawaka. Mwanangu kajikunyata kwenye kochi, anadeka kuliko mtoto. Wote hoi — isipokuwa Bonge! Pua kavu, mateke juu, anacheka akiona ua langu. Na mimi nimepigwa marufuku kumbeba. Hilo linaniuma kuliko koo. Niliogopa mama yake, kumbe wa kuogopwa ni bibi. Nyani haoni kundule.

Nimefungua kopo. Kwenye chai si baya.

Ijumaa, 7 Juni

Bonge kaamka na njaa, nyumba inatikisika. Baba yake anakoroma. Mkwe kajaribu kuinuka, miguu ikagoma. "Mama, niletee mtoto."

Nikasimama katikati. Huku kabati, huku chumba. Mkwe ananitazama tu. Nadhani kopo alishaliona zamani.

Nikanawa mpaka viwiko, nikafunga barakoa, nikambeba. Jamani, nilivyommisi! Nikamweka kifuani kwa mama yake. Akanyonya, mpaka masikio yanacheza. Mkwe kaniomba nisiwaondolee macho, kisha kasinzia. Basi naandika kwa mkono mmoja, wa pili uko mgongoni kwa Bonge. Ameshiba. Ameachia ziwa, anachekea ua.

Uzi wa barakoa umekatika! Na eti mimi ni fundi!

Chafya inakuja. Kubwa. Mkono mmoja kalamu, mmoja mtoto, pua haina mwenyewe. Mkwe kafumbua jicho moja — "Mama...!"

Bonge simwachii. Naitupa kala