Datsun ya Mudathiri na Ijumaa ya Dua

Mwaka umetimia, Mudathiri Mwinyimvua, tangu Ijumaa ile ulipotoka hapa nyumbani Kibiti baada ya sala, ukiendesha Datsun yako uliyoifufua mwenyewe. Ulitupungia mkono dirishani, nasi tukakupungia. Tulikuwa na nguo za dua mwilini, na wengine na sahani za pilau mikononi. Mwaka mzima mtaa umesema Hemedy, fundi wa magari, ndiye aliyekuua, na mwaka mzima sisi familia yako tumeuacha mtaa useme.

Ulikuwa seremala, na mji huu unakujua kwa milango yake. Kiti kikivunjika mguu kwa jirani, kilikuja kwako kikarudi kinasimama, na ukiulizwa ujira unasema, “Nitakunywa chai siku moja.” Chai zote ulizodai hivyo hukuwahi kwenda kuzinywa.

Gari ulilikuta Nyamisati, kule delta, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe alikuwa akilibebea kamba wa baharini miaka na miaka, maji ya chumvi yakaitafuna sakafu hata ukikaa unaiona ardhi. Ukabadilishana naye kwa milango miwili ya mninga. Liliposhushwa kwenye lori, mama, Bi Mwajabu, alilizunguka mara moja akasema, “Mwanangu, hili gari au banda la kuku?” Ukacheka mpaka ukakaa chini. Mkeo Mwanabaraka hakucheka. Alisimama mlangoni akaliangalia gari lile kwa muda.

Miaka miwili ulilihangaikia. Sakafu mpya mkachomelea na Hemedy, kutu ukaikwangua kwa patasi za kazini kwako, dashibodi ukaichonga kwa mninga na kuing'arisha kwa mafuta ya nazi. Ukalishusha chini, ukalivisha rimu pana, ukalifungia honi inayoamsha mtaa wa pili. Kisha wewe na Hemedy mkatoa injini yake ndogo na kutia kubwa zaidi, iliyotoka kwenye gari lililogongwa. Tangu hapo likawa na mbio kuliko umri wake. Breki zilibaki zile zile za zamani.

Kila jioni kabla ya magharibi ulimwita Mwanabaraka. “Mama watoto, njoo unitolee kasoro.” Naye alikuja na kanga yake kiunoni, akazunguka taratibu, kwa sababu mke wako ana jicho ambalo halisamehe hata punje moja ya mchanga kwenye mchele. “Taa ya kulia ina usingizi. Mlango huu unalalamika. Hapa rangi imekunja uso.” Ukachomoa penseli sikioni ukaandika kwenye kipande cha ubao. Ulikuwa ukisema kuwa gari hilo lina mafundi watatu, na wa tatu anapika ndizi.

Wiki ile ya mwisho Hemedy alitoka uvunguni akajifuta mikono, akakwambia mbele ya mkeo, “Kaka, bomba la breki la nyuma limechoka. Nipe wiki moja nifuate jipya Dar.” Ukamjibu kwamba watu umeshawaalika dua Ijumaa, utaliziba wewe mwenyewe, litafaa kwa muda. Hemedy akatikisa kichwa. “Breki si kiti, kaka,” akasema, akaondoka na vyombo vyake.

Kwetu, kama ujuavyo, gari likisomewa dua hutoka siku hiyo hiyo kwenda kuzuru kaburi la mzee wa familia. Na siku hiyo hakuna anayelitaja kwa ubaya. Kasoro ikitamkwa siku ya dua ni nuksi, inalifuata gari maisha yake yote. Mama alitukumbusha asubuhi na mapema, mmoja mmoja: “Leo hakuna kulitia gari mdomo.”

Mwanabaraka aliamka akafagia uwanja. Alipofika kwenye gurudumu la nyuma la kushoto akaona pamelowa. Akachutama, akagusa kwa kidole. Hayakuwa maji, yaliteleza. Alijua ni mafuta ya breki, maana Hemedy alikuwa ameshamwonyesha. Akainuka kukuita, akakuona umesimama barazani na kanzu mpya, unanukia udi, umefurahi kuliko siku uliyomwoa. Neno lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza. Akachota mchanga kwa kiganja akapafukia, akaendelea kufagia.

Dua ikasomwa. Ubani ukazungushwa magurudumu yote manne, na moshi wake siku hiyo haukupanda, ulibaki chini umelizunguka gari. Watu wakasema mashaallah. Mama alitaka kupanda nawe mpaka Ngorongo, kwenye kaburi la baba, ukamkatalia kwa upole: “Kiti cha mbele bado hakijashika vizuri, mama. Safari ya pili yako.” Mwanabaraka akakusogelea akashika ukingo wa mlango. “Nenda polepole,” alisema. Ukamwuliza, “Kuna kasoro?” Ulimwuliza kwa mzaha, ukitabasamu. Akasema, “Hakuna.”

Wanawake waliokuwa wakianika mpunga kando ya barabara, chini ya mteremko wa kuingia bondeni, walitueleza yaliyobaki. Wanasema waliisikia honi kabla ya kuliona gari. Haikukatika tangu juu. Walidhani ni harusi. Waliponyanyua vichwa walikuona umeushika usukani kwa mikono yote miwili, na turubai zao zimejaa mpunga na watoto mbele yako. Ukakata kushoto, ukaingia kwenye karavati. Hakuna aliyeguswa ila wewe.

Tulipokuzika, watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata fundi. Hemedy alisema alikuonya; wakamcheka. Tungesema sisi, wangeamini. Mteja mmoja mmoja akamkimbia, msikitini wakawa wanasogea mbali akikaa, na sasa amefunga gereji, anavunja kokoto Ikwiriri. Mwanabaraka alikaa eda nzima na neno lake kooni. Chakula kilimshinda, akakonda, tukasema ni majonzi. Kila Hemedy alipotajwa kwa ubaya alitoka nje. Aliogopa kwamba akisema atakuwa amekuua mara ya pili, na watoto watajua kosa ni la mama yao.

Juma lililopita, mvua ikitishia, aliingia chumbani kwa mama akapiga magoti, akasema yote: mafuta, mchanga, “hakuna.” Alikuwa tayari kufukuzwa. Mama alimshika mkono. Kisha akasema, “Simama, mwanangu. Hata mimi niliyaona, nilipotoka kutawadha. Nikakuona unayafukia, nikashukuru.”

Ismaily, mdogo wako, alikuwa mlangoni. Akasema kwamba asubuhi ile ulimtuma asogeze gari kivulini, na kanyagio la breki likazama mpaka sakafuni. Alilipampu mara tatu likasimama. Akakurudishia funguo akakwambia, “Gari tamu, kaka.”

Wa mwisho kusema alikuwa Muzdalifa, dada yako wa mwisho, ambaye ndiye anayeandika haya. Saa tatu asubuhi, watu wakianza kukaa kwenye mikeka, Hemedy alifika uani kwa mguu, vumbi mpaka magotini, na bomba jipya la breki alilolifuata Dar, limefungwa kwa gazeti. Alisema kazi ni ya nusu saa tu. Muzdalifa aliogopa nuksi, akaogopa wageni wasione gari la dua limeinuliwa jeki. Akamwambia, “Leo siku ya dua, kaka Hemedy. Njoo kesho.” Akamfungia mlango wa uani. Hakukwambia kuwa alikuja.

Kwa hiyo tunatangaza, kwako na kwa kila anayesoma: Hemedy hana hatia. Hitma yako itasomwa nyumbani Ijumaa hii baada ya sala. Tumekwenda Ikwiriri kumwomba aje, akae mbele karibu na mama. Alitusikiliza mpaka mwisho, nyundo mkononi, asituangalie. Alirudi kwenye kokoto zake.

Mola akulaze pema, akupe nuru kaburini, na atusamehe.

Tunaokukumbuka ndio tuliokunyamazia: mama yako Bi Mwajabu, mkeo Mwanabaraka, mdogo wako Ismaily, dada yako Muzdalifa. Wanao, Yasmin na Kudra, wanakukumbuka pia, nao hawana kosa.

Hatutakusahau maisha, Mudathiri. Uliuliza kama kuna kasoro. Ilikuwapo.