Pumba Nilizompa Karani

Machakos, Jumapili, 17 Agosti 2008

Baridi bado haijatuacha. Tangu asubuhi kuna manyunyu yale yasiyolowesha mtu ila yanamzuia kuanika nguo, na jua limetokea mara moja tu, likajifanya limekosea nyumba. Niko saiba mjini, kwenye kompyuta ya pembeni ambayo mwenyewe hunipunguzia bei kwa sababu kibodi yake imechoka.

Karani alikufa Jumanne.

Wasomaji wangu wanne wa blogu hii mnamjua. Ni mbwa wetu, wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na lingine limelala. Nilimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anakaa kwenye geti akimwangalia kila mpita njia kama mtu aliyekuja ofisini bila kitambulisho. Miaka mitano aliyokaa kwetu hakuwahi kumuuma mtu, ila hakuna aliyemwambia mtu hivyo.

Leo sikuja kumlilia. Nimekuja kuandika nilichofanya, kwa sababu kuna mtu amebebeshwa mzigo wangu na mimi nikakaa kando nikimwangalia akiubeba.

Nianze na chakula. Mwezi wa sita niliandika hapa jinsi ya kumpikia mbwa chakula chenye nguvu bila kufilisika. Niliringia sana andiko lile. Mimi ni fundi wa redio. Mambo ya mbwa nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma, na kusoma kwenyewe kulikuwa ukurasa mmoja wa jarida la wafugaji niliofungiwa omena sokoni. Ulieleza kwamba mbwa anahitaji nyama, wanga, mboga kidogo na kitu cha kukaza mifupa. Ukaonya juu ya vitunguu na chumvi. Halafu ukaanza kutaja jambo la kuzingatia kuliko yote, na hapo ukawa umechanika. Nusu ya pili lazima ilimfungia omena mtu mwingine.

Nikaijaza nusu hiyo kwa akili zangu.

Mnakumbuka mapishi yenyewe. Mapafu ya ng'ombe, ambayo mwenye bucha huwauzia watu wenye mbwa kwa bei ya kufukuza nzi. Omena za chini ya gunia, zile zilizovunjika vichwa. Maganda ya mayai, yakaushwe, yasagwe yawe unga. Majani ya malenge. Na uji mzito wa pumba, ambao ndio unaojaza tumbo.

Pumba ndizo zilikuwa fahari yangu. Huku kwetu mahindi hatuyapiki hivi hivi. Mama Mwende, mke wangu, huyatwanga kwenye kinu na maji kidogo mpaka ganda litoke. Hapo ndipo tunapata muthokoi wa kupika na maharagwe, na ganda linabaki kwenye ungo. Kila nyumba humwagia kuku au mbwa. Mahindi yaliyoharibika vilevile: huchambuliwa, mtu hali, mnyama anakula. Hakuna aliyekaa chini akatufundisha. Ndivyo mikono ya mama zetu ilivyokuwa ikienda, na yetu ikafuata.

Mimi nikaipa desturi hiyo cheo. Niliandika kwamba ganda la nafaka ndilo lenye madini, na kwamba watu wa mjini wananunua kwenye paketi kile tunachokung'uta sisi. Nyumba tatu kwenye barabara yetu zikaanza kupika kama mimi. Wakaanza kuniita Daktari. Nilikuwa nawakataza, lakini si kwa sauti.

Karani akanona. Manyoya yakang'aa. Kusema kweli alikuwa anakula vizuri kuliko nilivyokula mimi kabla sijaoa.

Halafu yakaja mahindi ya mwezi wa saba kutoka kashamba ketu ka Masii. Tuliyavuna mapema kwa kuogopa wezi, hayajakauka vizuri, tukayatia kwenye gunia na gunia tukaliweka juu ya simiti, na jua la kuyaanika likakataa kutoka. Mwezi huu ulipoanza, Mama Mwende alipolifungua, mengine yalikuwa yameota ukungu wa kijanikijani. Akachambua kama kawaida: lundo letu, lundo la Karani. Akatwanga letu, akaziangalia pumba, akazinusa, akaniuliza kama azitupe shimoni, maana zina harufu.

Nikamwambia harufu hufa kwenye moto.

Nilizichemsha saa mbili nzima, nikachanganya na mapafu. Karani alimaliza akalamba sahani mpaka ikahama mahali. Siku iliyofuata pia, na iliyofuata.

Alhamisi ya tarehe saba aliacha chakula. Huyu ni mbwa aliyewahi kula nusu ya kandambili yangu kwa hiari yake. Jumamosi alitapika. Jumapili weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano. Jumatatu nikamwita daktari wa mifugo, akaja na pikipiki, Mama Mwende akiwa ameenda kwenye chama chao cha akina mama.

Alimwinua mdomo, fizi zilikuwa njano. Akamgusa tumbo, lilikuwa limejaa maji. Akaniuliza anakula nini. Nami nikamtajia mapishi yangu yote, mpaka maganda ya mayai, kama mwanafunzi aliyengoja mwaka mzima aulizwe swali hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuziona pumba. Akachota kwa mkono, akanusa, akazirudisha polepole kwenye karai.

"Hizi ndizo zimemuua," akasema.

Karani alikuwa bado anapumua pale miguuni petu.

Akanieleza. Ni sumu ya kuvu, ile inayoua watu kwa mahindi huku Ukambani, ambayo hakuna mtu wa hapa anayehitaji kuambiwa mara mbili. Moto hauifanyi chochote. Na mahindi yakitwangwa, nyingi hubaki kwenye ganda na vipande vilivyovunjika, yaani kwenye kile hasa nilichokuwa nampimia Karani kwa kikombe. Mbwa hana nguvu nayo kabisa. Akaniuliza kama na sisi tunakula kutoka gunia hilo. Nikasema tunakula yale mazuri, yaliyotwangwa. Akaniangalia kidogo, akasema tumebahatika, lakini nisiache hata punje moja ndani ya nyumba.

Akamtundikia dripu kwenye msumari wa kamba ya nguo, akaniambia nisitarajie sana.

Gunia nililizika siku hiyohiyo. Mama Mwende aliporudi nilimwambia panya wamelikojolea. Huo ndio uongo wa kwanza. Wa pili haukuhitaji hata kusemwa, ulinijia wenyewe kwa miguu yake.

Jumanne asubuhi nilimpikia Karani ugali wa unga wa dukani na nyama ya kuliwa na watu, nyama kabisa, ya mfupa laini. Nikamwekea karibu na pua. Alinusa, akageuza kichwa, akanilamba mkono mara moja. Nadhani alikuwa ananiomba radhi kwa kutokula.

Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Kabla ya saa sita alikuwa amekwisha.

Sasa nifike kwa Mutua. Ni jirani yetu, ua kwa ua, anafuga kuku wa mayai. Mwezi uliopita Karani alipita chini ya seng'enge akala mayai yake, na Mutua akasimama pale kwa ua akatangazia barabara nzima kwamba huyo Karani wangu siku moja atakula yai ambalo halitamshuka. Tulicheka sote. Hata mimi nilicheka, na nililipia mayai.

Karani alipokufa, watu walikumbuka maneno, kicheko wakakisahau.

Hakuna aliyeniuliza mimi. Jumatano Mama Mwende alirudi kutoka kioski cha maji akiwa na hukumu iliyokamilika: Mutua amemwekea mbwa sumu. Alikuwa amesema yeye, wenzake wakakubali, mmoja akaongeza kwamba alimwona Mutua akitembea na karatasi mkononi. Aliniambia haya akilia, maana Karani alikuwa akimsindikiza mpaka kioskini kila asubuhi. Mimi nilikuwa nakoroga chai. Nikaendelea kuikoroga, na sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

Nimejiuliza sana kwa nini sikusema hapo. Si kumwogopa mke wangu, ingawa ningekuwa na sababu. Ni kile cheo. Ukishaitwa Daktari na watu ambao hukuwalazimisha, kukirudisha ni kazi. Zile nyumba tatu niliwapitia jioni hiyo, nikawaambia nimegundua pumba huleta minyoo, wazitupe zote. Wakanishukuru. Mbwa wao wanaendelea vizuri. Ukweli ndio haukupona.

Na nyinyi mliosoma andiko la mwezi wa sita, hasa wewe uliyeuliza kama chakula hicho kinamfaa pia mtu: tupeni pumba za mahindi yaliyoota kuvu, na mahindi yenyewe. Msimpe mbwa, msimpe kuku. Kitu ambacho huwezi kula wewe kwa sababu kimeoza, hakigeuki kuwa chakula kwa sababu anayekila ana mkia. Andiko lile nimelifuta leo. Ningeweza kulifuta kimya kimya, na kwa kweli nilianza hivyo.

Kufikia Ijumaa akina mama wa barabara yetu walikuwa wameacha kununua mayai kwa Mutua. Walisema mtu anayemwekea mbwa sumu, kwenye yai atashindwa kuweka nini. Jana nilipita nikitoka kazini. Trei nane zilikuwa zimepangwa kwenye meza yake kando ya barabara, zimejaa, na yeye amekaa nyuma yake amevaa koti la kanisani siku ya Jumamosi. Nadhani alitaka aonekane mtu mwema. Watu walikuwa wanamsalimia kwa kidevu bila kusimama.

Akaniita. Nikajua sasa ananitukana, na nikafurahi, kwa sababu matusi yangenisaidia.

"Pole kwa mbwa, Baba Mwende," akasema.

Nikamwambia asante.

Asante. Fundi mzima, na hilo ndilo neno nililopata.

Leo asubuhi kabla ya kanisa nilimfuata kwenye banda la kuku. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni: gunia, pumba, daktari wa mifugo, panya, minyoo. Hakuacha kufagia. Alifagia mpaka akanifikia miguuni, nikasogea, akafagia pale nilipokuwa nimesimama.

"Kuniambia mimi hakunisaidii kitu," akasema mwishowe. "Mimi nilikuwa najua sikumuua."

Akaelekeza ufagio kwenye paa la nyumba yetu. Kisha, nilipokuwa naondoka, akaniita nirudi, akachota kiganja cha chakula cha kuku wake, kilichochanganywa na pumba kama cha kila mtu, akaniuliza hiki kikoje. Nikanusa. Nikamwambia sijui. Nadhani ni mara ya kwanza nimesema neno hilo kwenye barabara ile. Aliniangalia, akakirudisha kile chakula kwenye gunia, akalifunga, akalitoa nje ya banda.

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilisikia tu kwamba yalikuwa marefu.

Baada ya chakula cha mchana nikamwambia Mama Mwende. Alikuwa anaosha sufuria. Alipokuja kuelewa, alisimamisha mkono ndani ya maji.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kama nizitupe."

Ni kweli. Akabaki ameyatazama maji. Nilifikiri anamkumbuka Karani. Baadaye nikaona midomo yake inacheza, akiorodhesha wanawake: mama nani, mama nani, mama nani. Alikuwa anahesabu masikio ambayo ameyapitishia jina la Mutua.

Nikasema twende wote kwa Mutua tukanunue trei mbili, tatu, watu watuone. Akaniambia mayai hayajui kuongea. Nikasema basi aende yeye awaambie wenzake, kwa kuwa ndio wake. Hapo akaikausha mikono kwa leso, moja, nyingine, bila haraka.

"Mimi niliyasema kwenye foleni ya maji," akasema. "Kesho utachota wewe."

Mtu asiye wa huku hawezi kujua ukubwa wa adhabu hiyo. Mwanamume akihitaji maji, humlipa mwenye mkokoteni amletee. Hasimami kwenye foleni ile. Ni ya akina mama, inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na hapo ndipo barabara yetu inapoamua nani ni mwizi, nani ana mimba na nani ameua mbwa. Nikisimama pale na mitungi, sitahitaji kuomba nafasi ya kuongea. Watanyamaza wenyewe waone nina nini.

Nilipotoka nyumbani alikuwa ameshaisuuza mitungi minne na kuipanga mlangoni, vifuniko vimelegezwa. Tangu saa tisa niko hapa saiba najaribu kutunga sentensi ya kwanza. Nimeandika moja ya heshima, ya kuwajulia hali na kuwashukuru kwa kutufariji, nikaifuta. Nimeandika nyingine inayoanza na mvua na mavuno, nikaifuta pia, kwa sababu mahindi hayakumpikia Karani. Iliyobaki ni fupi: nilimuua mimi, Mutua hakumgusa. Nitaisema zamu yangu ikifika, mtungi wa kwanza ukiwa chini ya bomba, wakati ambapo siwezi kuondoka.

Mtungi wa lita ishirini huchukua muda gani kujaa?

Miaka kumi na moja ya ndoa, na sijui.