Mnavu wa Mferejini

3 Machi

Mwanangu,
Hujambo? Maabara wanakupa hata muda wa kula? Mimi mzima, mgongo tu ndio mkorofi. Majani ya nyanya zangu yamejikunja na kuwa manjano, na dawa ya dukani haifui dafu. Nakutumia machache kwenye bahasha. Nimeweka na ya mnavu wa mferejini. Huo una madoa mwaka wa tatu sasa, na nyanya zilikuwa safi. Mbona mwaka huu zimeshikwa?
Mama yako

29 Machi

Mama,
Shikamoo. Pole na mgongo. Nilipomweleza mkuu wangu habari ya mnavu, alicheka: "Virusi vya mnavu haviingii kwenye nyanya." Nikamwambia mama yangu hasemi asichokiona.
Tumepima. Ni virusi vilevile, ila vya kwenye nyanya vimebadilika kidogo. Kila vinapozaana hukosea kujinakili. Makosa mengi huviua, ila moja limevifungulia mlango wa nyanya. Inzi weupe ndio wanaovisambaza. Mkuu ameacha kucheka.
Mama, dawa hakuna. Ng'oa zote, na mnavu pia, uchome. Nisamehe.
Binti yako

18 Aprili

Mama,
Shikamoo. U mzima kweli? Simu hupokei. Kama umekasirika, nitukane basi, mradi uandike.
Binti yako

20 Juni

Mwanangu,
Hujambo? Mimi sijambo, hasira zimeisha. Usiniulize zilikuwa kubwa kiasi gani. Miche ilikuwa imeshazaa, nikawa nang'oa huku nalia. Jirani akasimama kwenye uzio: "Umemsomesha binti aje akufilisi?"
Nikamjibu, "Nimemsomesha aniambie ukweli. Wa kwako anakuambia nini?"
Siku ya nne akaja na jembe, hanitazami usoni. Majani yake nayo yamejikunja. Tukamaliza shamba langu, tukahamia lake. Wenye mashamba kumi na moja wakatufuata, kila mtu na moto wake. Mwanangu, ng'ambo ya mfereji nyanya zote zimesalimika! Juzi wameanza kuvuna, wakaniletea ndoo tatu.
Jana bibi shamba alikuja na daftari, anataka kujua nani aligundua. Nikavaa kitenge changu kizuri kwanza, ndipo nikamjibu: "Mimi niliona, mwanangu akajua. Andika hivyohivyo, na usitupunguze hata mmoja."
Mama yako