Sifuri ya Mita ya Nne

Machi 3

Kaka yangu,

Shikamoo. Mmeamkaje huko, na mgongo wa mama umetulia? Sisi wazima. Mpwa wako ameota jino la pili, na wa kwanza kung'atwa nalo ni mimi.

Kazi nimepata! Natunza daftari la wapima udongo, hapa ufukweni patakapojengwa wodi ya wazazi. Nyundo inaangukia bomba, nami nahesabu mapigo mpaka lizame futi moja. Karibu na juu yalikuwa kumi na mawili. Mita ya nne, kaka, bomba lilizama lenyewe kabla ya pigo! Nikadhani nimepitiwa, nikaandika "moja" kwa aibu. Mama injinia anayetusimamia akafuta. "Sifuri nayo ni jibu," akasema, "tena ndilo tulilolifuata." Tetemeko likija, mchanga kama ule, ulioshiba maji, hulegea ukawa uji. Nilikuwa nimesimama juu yake!

Mchanga ule unafanana na wa kiwanja chetu. Tafadhali, usimjengee mama kabla haujapimwa.

Kitinda wako

Machi 15

Kitinda,

Marahaba. Mgongo wa mama haujambo, ulimi ndio mzima zaidi. Hongera ya kazi. Ila wiki mbili za kuhesabu zimeshakufanya fundi? Nimejenga miaka kumi na minne. Napita kiwanjani na toroli la zege, mchanga haubonyei. Mwisho wa mwezi namwaga msingi.

Kaka yako

Machi 18

Kaka,

Shikamoo, na usinune. Mchanga ukitulia hubeba hata lori, ndiyo maana hudanganya. Jaza beseni mchanga wa kiwanjani, mimina maji mpaka ushibe, weka kitu kizito juu, halafu gongagonga pembeni. Nilipojaribu hapa nyumbani, mpwa wako aliacha kulia akakodoa macho. Hata mimi bado nimeduwaa: kitu tunachokikanyaga kila siku!

Msomee mama barua yote, usiruke mstari.

Kitinda wako

Aprili 9

Kitinda,

Tu wazima. Nilikuwa nimenuna kweli. Beseni alileta mama mwenyewe, juu akaweka kipande cha zege langu. Kikakaa imara, nikacheka. Akaanza kugonga kwa mwiko wangu. Maji yakapanda, zege likazama mbele ya macho yangu, juu pakabaki shwari kama hapakuwa na kitu. Kisha mama akanipa mwiko: "Haya, weka jingine. Hili ni mimi nimelala. Gonga."

Sikugonga.

Msingi sijaumwaga, nimeusitisha. Mwombe mama injinia, mje na nyundo yenu. Uhesabu wewe. Ikitoka sifuri, iandike.

Kaka yako