Afande Thuo na Mkono wa Mishi

Mishi! Uko hapo? Keti kwanza.

Nimetoka sasa hivi kwenye sherehe ya askari jela wastaafu, hapa Kilimani. Unajua nani alikuwa meza kuu? Thuo! Yule aliyetufundisha mwaka wa sabini na nne jinsi ya kumdhibiti mfungwa bila kumuumiza. Bado anatembea kifua mbele kama jogoo, na kifua chenyewe kilishateremka tumboni.

Sasa sikia. Wanataka arudi kufundisha makurutu, na wenyewe walikuwepo ukumbini. Watoto wa watu, Mishi!

Akashika maiki: "Katika kazi yangu yote, hakuna aliyeumia mikononi mwangu."

Hakuna! Nikairudisha chapati sahanini. Na wewe ulivyopiga kelele pale uwanjani, unampigapiga paja akuachie, yeye anazidi kukukunja mkono huku anacheka, mpaka sote tukasikia mfupa! Mpaka leo hujifungi leso bila kusaidiwa.

Nikainuka. Nikapandisha mkono wa sweta, nikaenda mpaka mbele.

"Afande, nishike vile ulivyomshika Mishi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Makurutu wakasogea waone.

"Wacha, mama."

"Shika tu. Si haiumizi?"

Akaficha mikono nyuma, jogoo gani huyo, akasema karibu na maiki kabisa: "Hapana, nitakuvunja."

Ukumbi mzima ulisikia. Ukumbi mzima!

Mkuu wa mafunzo amenifuata hadi mlangoni kuniuliza Mishi ni nani. Nimempa namba yako. Akipiga, pokea.