Badilisha Zote

Jumanne, adhuhuri

Mwanangu Kache ameibusu simu sasa hivi, eti kuibembeleza, maana kaniona nikiifokea.

Simu haina kosa. Mwenye kosa ni shemeji, mtaalamu wa kompyuta wa miezi mitatu! Nilimwomba arekebishe mahali nilipoandika soda moja kwenye programu yangu ya matumizi ya pesa, pasome "mama mkwe" badala ya "mama". Akabonyeza "badilisha zote". Pesa zote nilizomtumia mamangu Marereni sasa zasoma nimempa mama mkwe.

"Shemeji, nimekupangia vizuri," akajigamba. Kichwa kama dafu lililokwisha maji!

Mume wangu kafurahi, kamsomea mamake orodha yote. Naye mamake hajapokea hata shilingi.

Mama mkwe si mtu mbaya, huenda akaelewa. Huyo ananiita uani: "Mkaza mwanangu, njoo na hiyo simu!" Naenda, nitamwambia kwamba huyo "mama mkwe" wa kwenye orodha ni mamangu.