Kunguru wa Abdullah

Migori, 12 Machi 1994

Ndugu yangu Abdullah,

Assalaam alaykum. Huku wazima, watoto wamepona mafua na mguu wangu umeacha kufura. Wewe je? Mkahawa unaingiza wateja, au unapika chapati ukila mwenyewe?

Nina neno. Yule dereva wa lori la samaki kapita dukani kwangu, anacheka peke yake. Ati ulipokuwa ukirudi kutoka Mombasa kwa msiba wa shangazi ulipanda lori lake na kizimba, na ndani kunguru wawili. Wale wa kwetu, wa shingo ya kijivu. Nikamwambia huyo si Abdullah wangu, Abdullah wangu ana akili.

Niambie ni uongo.

Dadako, Kaltum

Homa Bay, 20 Machi 1994

Dada Kaltum,

Waalaykum salaam. Niko salama, alhamdulillahi, na nimefurahi kusikia mguu umepoa.

Si uongo. Lakini nisikilize kabla hujavua ndara! Nyuma ya mkahawa pana matumbo ya samaki, yananuka mpaka watu wanakula wameziba pua. Hao kunguru wanafagia kila kitu. Nawalisha kwa mkono, wakiniona tu wanashuka.

Na basi nikwambie kweli yote. Miaka yangu yote huku naamshwa na ndege nisiowajua. Sasa alfajiri nasikia kwaa, kwaa juu ya bati, na kabla sijafumbua macho niko kwetu Majengo, mama yuko jikoni. Utaninyima hilo, dada? Wameanza kujenga kwenye mgunga wa nyuma, ule wenye viota vya minana. Mti ni mkubwa, kuna nafasi ya wote.

Nduguyo, Abdullah

Migori, 2 Aprili 1994

Abdullah,

Salamu nakupa kwa sababu ni wajibu. Afya yangu ilikuwa nzuri mpaka nilipofungua barua yako.

Nafasi ya wote! Umesahau mkwaju wa mama? Minana walikuwa wamening'iniza viota mpaka mama analalamikia kelele. Wakaja kunguru, wakachomoa makinda mmoja mmoja, na sisi tukawa tunaokota manyoya ya manjano uani. Mwaka uliofuata mkwaju ulikuwa kimya. Wewe ndiye uliyelia kuliko sote!

Huku sijawaona kunguru hao hata siku moja. Ni wewe unayewapanda, kama mtu anayepanda kwekwe shambani mwa jirani. Wawili utawashika. Watoto wao wakishajua kuruka, nani atawashika? Waue sasa, wangali na mayai. Ndege huyo karuhusiwa kuuliwa hata na aliyehirimia Makka, seuze wewe muuza chapati.

Dadako, Kaltum

Migori, 30 Aprili 1994

Ndugu yangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, maana ile iliyopita hukuijibu na mimi silali.

Leo kaja dukani mama mmoja wa Homa Bay, anaitwa Filister, anauza omena, dagaa wa ziwani. Kaniuliza, mimi ni dadake Mswahili mwenye majini? Anasema ndege wako wamemaliza vifaranga vyake. Wamemaliza na watoto wa osogo, ndivyo wanavyowaita minana kwao, mti mzima viota vimechanika. Ulipoulizwa, ukasema ndege walikuja wenyewe. Sasa watu wanasema ndege wasiojulikana hawaji wenyewe, wametumwa. Wako vijana wanaotaka kuuchoma mkahawa.

Abdullah, naogopa. Nijibu.

Dadako, Kaltum

Homa Bay, 8 Mei 1994

Dada Kaltum,

Naomba uwe na afya. Yangu sijui niisemeje.

Barua yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niamke. Nilimwita jike, akashuka mkononi kula kama kawaida, nikamnyonga. Dume alikuwa juu ya bati, akaona. Wallahi, dada, tangu hapo nikitoa mguu nje ananijia kichwani. Mimi tu, katika soko zima. Nimevaa koti la mtu, nimejifunga kilemba, ananijua. Watu wanatazama, wanasema si mnaona, jini linamdai bwana wake.

Joyline aliyekuwa akinioshea vyombo kaacha kazi. Jana wametupa jiwe dirishani. Nilimwomba jirani yangu Fanuel, fundi wa manati, ampige yule dume. Akasema, "Mimi siui jini ya mtu. Ikihamia kwangu je?" Na makinda wamo kiotoni, nawasikia wakilia. Wakiruka nimekwisha, na minana wa hapa wamekwisha.

Nduguyo, Abdullah

Migori, 11 Mei 1994

Abdullah wangu,

Sina muda wa kukuuliza hali, naijua.

Barua hii inaletwa na yule dereva wa lori mwenyewe, nimemwapisha aseme kweli. Itisha watu, Filister awe mbele. Toa kizimba. Sema, ni ndege, nimewaleta mimi, na huyu ndiye aliyetubeba. Jini halipandi lori. Utaona haya, na vifaranga vya watu utavilipa. Bora haya kuliko kuchomwa, mdogo wangu.

Na huyo dume, kama anakutaka wewe, basi kaa pale akuone.

Dadako akupendaye, Kaltum

Homa Bay, 19 Mei 1994

Dada,

Nakusalimu kwa moyo mwepesi na mzito. Nina kidonda utosini, kingine sina.

Nilifanya ulivyosema. Dereva alisema yote, hata vile kunguru walivyomchafulia kiti. Watu wakacheka, na baada ya kucheka Fanuel akaenda kuchukua manati yake.

Nikavua kofia, nikakaa kwenye kiti katikati ya uwanja. Fanuel akajibanza mlangoni. Dume alikuja moja kwa moja, akanipiga utosini, damu ikaingia jichoni. Nisisogee, Fanuel aliniambia. Sikusogea. Aliporudi mara ya pili jiwe lilimpata.

Kisha Fanuel akapanda mgunga akashusha kiota. Makinda watatu, karibu kuruka. Waliponiona wakapanua midomo, wakidhani nimewaletea chakula. Filister akasema lete, nitawamaliza mimi. Nikamwambia hapana, hawa ni wangu. Nikafanya haraka, mmoja baada ya mwingine, huku nalia mbele ya watu wazima, na hakuna aliyecheka tena.

Filister akanishika bega. "Pole, Abdullah," akasema. Miaka yote hiyo nilikuwa Mswahili tu, hata sikujua kama analijua jina langu. Nikaingia ndani kunawa mikono.

Nduguyo, Abdullah